Fomu ya mkataba wa pango ya steshenari: inachoweza na isichoweza

Ukiingia steshenari yoyote ya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha ukaomba fomu ya mkataba wa nyumba, utapewa karatasi moja au mbili za A4 zilizokwisha kuchapwa, zenye vistari vya kujaza kwa kalamu. Juu pameandikwa MKATABA WA KUPANGISHA NYUMBA/CHUMBA, chini pana nafasi ya sahihi mbili na mashahidi. Maneno hutofautiana kidogo kutoka kwa mchapaji mmoja hadi mwingine, lakini umbo ni lile lile. Bei yake ni ndogo, karibu sawa na gharama ya kupiga kopi. Na kwa wapangaji wengi wa mijini hakuna karatasi nyingine kati yao na mwenye nyumba isipokuwa hii. Kwa hiyo inastahili kukaguliwa kama mtu anavyokagua friji au pikipiki kabla ya kutoa hela.

Kwa kifupi: kama ushahidi kwamba kodi imelipwa na nani amempangisha nani, fomu hii ni nzuri. Kama mkataba wa kumaliza ugomvi, haitoshi, kwa sababu imekaa kimya juu ya mambo yale yale yanayowagombanisha watu: umeme, maji, choo kujaa, kodi kupanda, nyumba kuuzwa. Kwa chumba au nyumba ya kuishi inarekebishika. Kalamu, nusu saa ya mazungumzo na upande wake wa nyuma ulio mtupu vinatosha kuifanya ikubebe. Kwa frem, yaani chumba cha duka au biashara, usiitumie.

Kuna sababu ya kuhimiza jambo hili. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilikuwa inaweka mipaka kwenye kodi na kumkinga mpangaji asitolewe ovyo. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi, miezi ya kulipa mbele na lini bei ipande ni maelewano ya watu wawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, ina sehemu nzima ya pango inayoziba mapengo ya mkataba, nasi tutaigusa, lakini mtu aliyekaa mbele ya wajumbe wa baraza linalosikiliza ugomvi wa nyumba ataulizwa kwanza: mliandikiana nini? Anachokuwa nacho mkononi ni karatasi hii. (Zanzibar wana sheria zao, yanayofuata hapa ni ya Bara.)

Mistari ya juu: majina

Fomu inaanza na "Mimi ............ mwenye nyumba iliyopo ............" na hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Anayejaza mara nyingi si mwenye nyumba. Ni dalali, au mdogo wake mwenye nyumba, au mtoto mmoja kati ya watoto watano wa marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa. Fomu haina mstari wa kuuliza anasaini kwa mamlaka gani. Matokeo yake yanajulikana: chumba kimoja kinapangishwa kwa watu wawili, au mpangaji aliyelipa miezi sita anagongewa mlango na ndugu mwingine wa familia anayesema hakushirikishwa wala hajaona senti.

Ongeza maneno kwa kalamu pembeni ya jina. Kama anayesaini ni mwenye nyumba mwenyewe, andika namba yake ya kitambulisho cha taifa na namba ya simu. Kama ni mwakilishi, andika "kwa niaba ya" ukitaja jina la mmiliki, na uambatishe karatasi ya mmiliki inayompa ruhusa. Kama nyumba ni ya marehemu, anayetakiwa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kopi ya barua ya uteuzi. Usione haya kuomba. Mtu halali huitoa bila kununa.

Jinsi ya kuhakiki bila kuwa askari: omba kuona ankara ya maji ya nyumba hiyo, maana ina jina la mteja. Omba risiti ya kodi ya ardhi au leseni ya makazi kama ipo. Pita ofisi ya serikali ya mtaa umuulize mtendaji nyumba ile ni ya nani. Halafu lipa kwa simu au benki, si mkononi, na uangalie jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala. Likiwa tofauti na lililo kwenye fomu, simama hapo hapo uulize.

Dalali naye hatajwi popote kwenye fomu, ingawa mazoea ni kumlipa kodi ya mwezi mmoja. Hela yake isichanganywe na kodi. Ukimpa dalali 1,400,000 kwa chumba cha 200,000 kwa miezi sita pamoja na mwezi wake, kisha fomu ikaandikwa 1,200,000, zile 200,000 hazina karatasi. Muandikiane risiti yake peke yake.

Kodi, miezi na lile sharti la "hairudishwi"

Nafasi ya kiasi cha kodi iko sawa: tarakimu na maneno. Nafasi ya muda ndiyo yenye kasoro. Fomu nyingi zinasema "kwa kipindi cha miezi ......" kisha "kuanzia tarehe ......" na kuishia hapo. Andika na tarehe ya mwisho. Miezi sita kuanzia tarehe 1 Machi inakwisha tarehe 31 Agosti, si tarehe 1 Septemba, na ugomvi wa siku moja ya kuhama umewahi kufikisha watu kwa mtendaji. Mkataba ukianza katikati ya mwezi, tarehe 17 kwa mfano, andika wazi kwamba unakwisha tarehe 16.

Kinachofuata ni sharti linalopatikana karibu kwenye fomu zote: kodi ikishalipwa haitarudishwa. Hili ndilo sharti baya kuliko yote kwenye bidhaa hii, na ubaya wake ni kwamba halitofautishi nani amevunja. Mpangaji anayeamua mwenyewe kuhama mwezi wa tatu bila notisi, ni haki asidai. Lakini mpangaji aliyelipa 1,200,000 kwa miezi sita, akakaa miwili, kisha mwenye nyumba akauza nyumba na kumwambia aondoke, anadai 800,000 za miezi minne asiyoikaa, na karatasi aliyoisaini inamwambia hairudishwi.

Usilikate lote; mwenye nyumba atakataa na ana sababu zake. Liongezee mkia: "isipokuwa pale mpangaji atakapotakiwa kuhama kabla ya muda bila kosa lake, au nyumba itakapokuwa haikaliki, ambapo kodi ya miezi iliyobaki itarudishwa ndani ya siku 14." Kila upande uweke sahihi fupi pembeni ya nyongeza hiyo. Nyongeza isiyo na sahihi za wote wawili ni maandishi ya mtu mmoja tu, na upande wa pili utasema uliandika baadaye.

Hapo hapo andika mambo mawili mengine ambayo fomu imeyasahau. La kwanza, kodi haitapanda ndani ya kipindi kilicholipiwa, na kama itapanda kipindi kijacho mpangaji ataarifiwa kwa maandishi miezi miwili kabla. La pili, nyumba ikiuzwa, mkataba huu unaendelea na mmiliki mpya mpaka tarehe yake ya mwisho. Maneno haya hayamnyimi mwenye nyumba kitu. Yanampa mpangaji muda wa kutafuta pengine bila kufukuzwa na siku.

Notisi

Fomu nyingine zina mwezi mmoja, nyingine mitatu, nyingine zimeacha kistari. Muda wowote mtakaokubaliana ni sawa, ila uwe sawa kwa wote wawili. Zipo fomu zinazompa mpangaji wajibu wa miezi mitatu na mwenye nyumba mwezi mmoja. Soma vizuri, kwa sababu mistari hiyo miwili haikai karibu karibu.

Kisichoandikwa ni namna ya kufikisha notisi. Mwenye nyumba anasema alimwambia kwa mdomo, mpangaji anasema hakusikia. Andika: "Notisi itakuwa ya maandishi, itakabidhiwa mkononi na mpokeaji kusaini kopi, au itatumwa kwa ujumbe wa simu kwenye namba zilizotajwa juu." Ndiyo maana namba za simu ziandikwe pale mwanzo.

Pia fomu haisemi nini kinatokea mkataba ukiisha na mpangaji akaendelea kukaa na kulipa. Hali hii ni ya kawaida mno: miezi sita imeisha, mwenye nyumba anapokea kodi ya mwezi, hakuna anayejaza fomu mpya, na mwaka unapita. Wengi huamini kwamba basi mpangaji hana haki yoyote na anaweza kuambiwa atoke kesho. Sivyo. Pango lisilotajwa muda linahesabiwa kuwa la vipindi, na kipindi chake ni kile kinacholipiwa kodi. Unalipa kwa mwezi, basi notisi haipungui mwezi. Unalipa kwa miezi mitatu, haipungui miezi mitatu. Na notisi yenyewe inatakiwa ikomee siku ya kulipa kodi, isikatishe katikati. Mwenye nyumba naye akumbuke hili linamlinda: mpangaji wa namna hiyo hawezi kuondoka usiku na kusema mkataba ulishakwisha zamani.

Umeme na maji: pale fomu inaponyamaza

Fomu nzuri kuliko zote itakuwa na mstari mmoja: "Mpangaji atalipa gharama za umeme na maji." Mstari huo unaonekana wa kawaida, na ndani yake yamo matatizo manne.

Tuanze na mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, tuiangalie kwa karibu. Mita inaweza kuwa na deni la mpangaji aliyetoka. Tena, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia ununuzi wa umeme, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwezi usiponunua umeme, kiasi kinajilimbikiza. Nyumba iliyokaa tupu miezi mitano ina 7,500 inayosubiri, na anayehamia akinunua umeme wa 5,000 siku ya kwanza anaweza kupata ujumbe usio na uniti hata moja. Hajaibiwa, amelipa kodi ya jengo ya mtu mwingine.

Kodi hiyo kisheria ni ya mmiliki wa jengo. Mpangaji anapoilipa kupitia LUKU anamlipia mwenye nyumba, na ni haki ikatwe kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni 18,000, fedha inayoonekana ndogo mpaka uhesabu umekaa miaka mingapi. Andika kwenye fomu: "Kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU itapunguzwa kwenye kodi ya pango ya kipindi kijacho kwa kuonyesha ujumbe wa manunuzi." Tunza jumbe hizo, kila ujumbe wa LUKU una mchanganuo wake, uniti ngapi, makato gani.

Kabla ya kusaini, nunua umeme kidogo kwenye mita hiyo mbele ya mwenye nyumba. Mchanganuo utaonyesha kama kuna deni. Kama lipo, lilipwe na yeye siku hiyo au lipunguzwe kwenye kodi, na liandikwe. Andika namba ya mita na uniti zilizobaki.

Tatizo la pili ni mita moja kwa vyumba vingi. Hapa fomu haina msaada wowote. Mwenye friji, mwenye pasi na mwenye balbu moja wanachangia sawa, na mwezi wa tatu hawasalimiani. Kama kuna mita ndogo za kila chumba, andika namba iliyosomeka siku ya kuingia na bei ya uniti mtakayotumia kugawana. Kama hazipo, andika mtindo wa kuchangia: kwa kichwa, kwa chumba, au kwa vifaa. Mtindo wowote ulioandikwa ni bora kuliko ule wa kukumbukwa.

Maji yana shida tofauti, kwa kuwa hulipwa baada ya kutumika. Ankara inayokuja mwezi wako wa kwanza ni ya matumizi ya aliyetoka. Soma namba kwenye mita ya maji siku unayokabidhiwa funguo, ipige picha, iandike. Pasipo na mita, kwa mfano nyumba ya kisima au ya kununua maji ya gari, fomu ijibu nani anajaza tangi na mara ngapi.

Na la nne: kukatiwa. Mwenye nyumba anayezima umeme au kufunga maji ili mpangaji ahame anavunja wajibu wake wa kumwachia mpangaji akae kwa utulivu ndani ya eneo alilolipia. Wajibu huo umo ndani ya Sheria ya Ardhi hata kama fomu haijautaja, lakini uandike tu. Mstari mmoja: "Mwenye nyumba hatakata huduma kama njia ya kudai kodi."

Matengenezo

"Mpangaji atafanya matengenezo madogo madogo." Kitu kidogo ni kipi? Kwa mwenye nyumba, bomba lililopasuka ndani ya ukuta ni dogo. Kwa mpangaji, hata koki ni kubwa.

Sheria ya Ardhi inampa mwenye nyumba wajibu wa kukabidhi nyumba ya kuishi ikiwa katika hali ya kufaa binadamu kuishi, na anapopangisha sehemu ya jengo, kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia zinazotumiwa na wote. Mpangaji anawajibika kurudisha sehemu yake katika hali aliyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida. Kwa hiyo gawaneni hivi, na muandike kwa majina ya vitu: vya mpangaji ni balbu, kitasa cha ndani, kioo alichovunja mwenyewe, koki iliyochakaa, vya mwenye nyumba ni paa, dari linalovuja, nyaya ndani ya ukuta, bomba kuu, mfumo wa maji taka.

Choo kiandikwe peke yake. Shimo likijaa kwenye nyumba ya wapangaji sita, kila mmoja anasema yeye ameingia juzi. Gari la majitaka ni gharama kubwa, na harufu haisubiri kikao. Ushauri wetu ni kwamba mwenye nyumba alipie, kwa kuwa shimo ni sehemu ya jengo lake na ni yeye anayejua limekaa muda gani. Akikataa, basi angalau iandikwe kuchangia kwa idadi ya watu na yeye alipie vyumba vilivyo wazi.

Andika pia utaratibu wa jambo la haraka: mpangaji ametoa taarifa, siku saba zimepita, mwenye nyumba hajafanya kitu, mpangaji anaruhusiwa kumwita fundi, kulipa, na kukata kwenye kodi kwa risiti. Wekeni kikomo cha kiasi ili mwenye nyumba asiogope. Bila sharti hili mpangaji anayekata fundi kwenye kodi anajiweka mwenyewe kwenye kosa la kutolipa kodi kamili, na hapo anapoteza kesi aliyokuwa na haki nayo.

Kwa wanaokaa mabondeni: nyumba ikiingiwa na mafuriko au ikiungua bila uzembe wa mpangaji ikawa haikaliki, sheria inasimamisha kodi, yote au kwa kadiri ya sehemu iliyoharibika, mpaka itengenezwe. Watu hulipa miezi kadhaa kwa chumba chenye tope kwa sababu fomu haikuwaambia.

Mashahidi, mihuri na ushuru wa stempu

Fomu ina nafasi ya mashahidi, na mara nyingi shahidi wa mwenye nyumba ni mke wake au dalali, na shahidi wa mpangaji ni rafiki aliyembebea godoro. Si kosa, ila shahidi mwenye uzito ni yule asiye na maslahi na anayepatikana mwaka kesho. Mjumbe wa shina anafaa kwa sababu anawajua wote wawili. Fahamu tu kwamba yeye ni kiongozi wa chama, si ofisa wa serikali, na muhuri wake hauongezi nguvu ya kisheria. Mtendaji wa mtaa ni ofisa wa serikali. Wakili naye atathibitisha sahihi kwa ada yake. Muhuri wa yeyote kati yao haugeuzi sharti baya kuwa zuri. Unathibitisha kwamba watu walisaini, basi.

Kinachosahaulika karibu na kila mtu ni ushuru wa stempu. Mkataba wa pango unatozwa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na hulipwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa namba ya malipo ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Nyumba ya 250,000 kwa mwezi ina kodi ya 3,000,000 kwa mwaka, ushuru ni 30,000. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi, na ingawa kasoro hiyo hurekebishwa kwa kulipa ushuru pamoja na faini, hakuna anayependa kukimbilia TRA asubuhi ya kesi. Andikeni nani analipa. Fomu haisemi.

Karatasi ikifika barazani

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa upande wake, halipokei shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila muafaka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kata, hata kama umekasirika. Mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha mtu pale, jambo linalomfaa mwenye kipato kidogo, na ndiyo sababu karatasi iliyojazwa vizuri ni muhimu: wajumbe wanaisoma wenyewe. Sharti lililoandikwa kwa Kiswahili chepesi, lenye sahihi mbili pembeni, humaliza mambo mengi hapo hapo.

Ikishindikana, omba thibitisho kwa maandishi, upeleke wilayani pamoja na maombi, kopi ya mkataba, risiti au jumbe za malipo na notisi zote. Kama unatishiwa kutolewa vyombo nje, omba na zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha hatua hiyo, siku hiyo hiyo. Uamuzi wa wilaya unakatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Pale mnapobishania hela peke yake, mfano amana isiyorudishwa baada ya kuhama, muulize kwanza karani wa masjala shauri lifunguliwe wapi. Shauri lililofunguliwa pasipo mamlaka hufutwa, na muda wako unapotea.

Zipo fomu zenye sharti kwamba mpangaji asipolipa "mwenye nyumba ana haki ya kufunga chumba na kuzuia mali". Likate. Mwenye nyumba anayedai kodi ana njia: notisi ya maandishi inayotaja kosa na muda wa kulirekebisha, kisha baraza. Kushikilia jiko, nguo na vitabu vya watoto vya mtu si njia, na sahihi ya mpangaji chini ya ukurasa haipaswi kutumiwa kumdhalilisha.

Kwa frem ya biashara, hapana

Fomu ile ile huuzwa kwa ajili ya frem, na hapa tunasema wazi isitumike. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango anapomlipa mwenye frem na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi. Kwa frem ya 400,000, miezi sita ni 2,400,000. Zuio ni 240,000 na mwenye frem anapokea 2,160,000 pamoja na cheti cha zuio. Mwenye frem asiyejua atasema amepunjwa, na fomu haina neno la kusema kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya zuio. Akisisitiza apokee 2,400,000 kamili, kodi halisi inakuwa karibu 2,666,667, na mfanyabiashara amepanda bei bila kujua. Hapo hatujafika kwenye kilemba (hela ya kuachiwa frem), matengenezo ya ndani uliyogharamia mwenyewe, na bango la nje. Mkataba wa biashara uandikiwe na mwanasheria.

Upande wa nyuma

Sehemu bora ya fomu hii ni ile isiyochapwa kitu. Geuza karatasi, chora mstari katikati, andika hali ya nyumba chumba kwa chumba: vioo vingapi, vilivyopasuka vipi, milango na funguo ngapi kila mmoja, rangi, feni, soketi zinazofanya kazi, choo kinavuta au hakivuti, namba ya LUKU na uniti, namba ya mita ya maji. Kama mwenye nyumba amechukua amana ya mwezi mmoja, iandikwe hapa, kwa kuwa orodha hii ndiyo itakayoamua ikatwe kiasi gani. Pigeni picha za vitu vyenye kasoro na mtumiane siku hiyo, ili tarehe ibaki kwenye simu za wote wawili.

Fomu zinunuliwe mbili na zote zijazwe kwa mkono na kusainiwa, kila mmoja abaki na halisi. Kopi ya fotokopi ina wasiwasi wake pale mwenye halisi anapokana. Mkisaini upya kwa kipindi kingine, msiandike "umeongezwa" pembeni ya fomu ya zamani. Jazeni mpya yenye tarehe zote mbili na namba mpya za mita. Na siku ya kuhama, simameni mlangoni na karatasi ile ile, msome mita, mpitie orodha ya nyuma mstari kwa mstari, kila mmoja aandike tarehe na kusaini chini yake kabla funguo hazijakabidhiwa.